SOMO LA VIJANA: Kuandika CV na kutafuta kazi ukiwa bado sekondari



Katika toleo hili tumeandaa somo juu ya jambo ambalo vijana wengi wametuuliza. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa aandike nini kwenye CV? Na akitaka kazi ya likizo, au kazi ya kwanza baada ya mtihani, aanzie wapi?

Mifano yetu tumeichukua Kabonga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Nyanza-Lac, pale Burundi inapopakana na Tanzania. Wengi wetu tuna wazee waliotoka mwambao ule, na vijana kadhaa wa hapa makazini wamekwisha kurudi huko. Tena ni mahali ambapo matatizo yote ya karatasi za mkimbizi hukutana: lugha nne, shule za nchi mbili, na majina ambayo kila ofisi imeyaandika kwa namna yake.

Neno kuu la somo letu ni hili: andika lile tu ambalo mtu mwingine anaweza kulithibitisha. Kijana akishika kanuni hii atapata faida mbili. Kwanza, hatakuwa na neno la kumwaibisha akiulizwa. Pili, atagundua kwamba ana mengi ya kuandika kuliko alivyodhani.

1. Kwa nini karatasi zetu zina shida

Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma shule za Tanzania, shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo waliulizwa wachague kati ya kuomba uraia wa Tanzania na kurudi Burundi. Walio wengi waliomba uraia, lakini zaidi ya watu 50,000 walirudi katika miaka iliyofuata. Kijana alifika nyumbani kwa babu yake na cheti cha kidato cha nne mkononi, akakuta ofisi zinaandika Kifaransa.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwezi Mei mwaka huo makumi ya maelfu ya Warundi walijazana ufukweni Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho jirani na Kabonga. Kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Kutoka hapo walikwenda kambini, Nyarugusu na kwingineko, ambako watoto wa Kirundi walifundishwa kwa mtaala wa Burundi.

Kwa hiyo katika ukoo mmoja utakuta mjomba ana cheti cha Tanzania cha Kiingereza na mpwa wake ana cheti cha mtaala wa Burundi kilichopatikana Tanzania. Mwajiri asiyejua habari hii ataona karatasi zisizofanana, na atashuku. Kazi ya CV ni kumweleza kwa kifupi na kwa ukweli, ili asibaki na shaka.

2. CV ni nini

CV ni karatasi inayojibu maswali matatu ya mwajiri: Huyu ni nani? Anaweza kufanya nini? Nani anamfahamu? Kwa mwanafunzi ukurasa mmoja unatosha. CV si cheti, maana cheti hutolewa na shule. CV si barua ya maombi pia. Barua huandikwa upya kwa kila kazi, nayo husema kwa nini unaitaka kazi ile na utaanza lini.

Usijaze sifa kama vile "mchapakazi, mwaminifu, mnyenyekevu". Hizo husemwa na waliokuona ukifanya kazi. Wewe andika ulichofanya, nao waachie kusifu.

3. Jina, tarehe na mahali ulipozaliwa

Hapa ndipo vijana wetu wengi hukwama. Kwa desturi ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Shule za Tanzania hutaka majina matatu: la mtoto, la baba na la babu. Hivyo mtoto yule yule anaitwa kwa jina la baba yake kwenye cheti, na kwa jina lake la Kirundi kwenye karangamuntu. Ongeza hapo karani aliyeandika L mahali pa R, na yule aliyemwekea tarehe 1 Januari kwa sababu mama hakukumbuka siku.

Shauri letu ni hili. Kwenye CV tumia jina lililo kwenye karangamuntu, au kitambulisho kingine cha taifa, herufi kwa herufi. Chini ya elimu ongeza mstari mmoja: "Cheti cha shule kimeandikwa kwa jina fulani." Kisha nenda ofisi ya komine na mashahidi, uombe karatasi inayothibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo sasa, kabla ya kuitwa kwenye usaili. Usijaribu kamwe kurekebisha cheti kwa kalamu. Herufi moja iliyofutwa huharibu cheti chote.

Mahali pa kuzaliwa nako kuna mtego. Mkoa wa Rumonge ulianzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo mji wa Rumonge ulikuwa mkoa wa Bururi. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na sasa Bururi, Makamba na Rutana, pamoja na mji wa Rumonge, zimo ndani ya mkoa wa Burunga. Mtoto wa Kabonga ana karatasi za zamani zinazosema Makamba, na za sasa zinazosema Burunga. Huo si uongo, ila unahitaji kuelezwa. Andika hivi: "Kabonga, Nyanza-Lac, mkoa wa Burunga, zamani Makamba."

4. Elimu: jihadhari na neno "diploma"

Andika kila shule, mahali ilipo, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na mtaala uliofuatwa. Anza na ya sasa, urudi nyuma. Kama kuna mwaka ambao hukusoma kwa sababu ya safari, usiufiche wala usiuzibe kwa shule ambayo hukuiona. "2015: kuhama kwenda Tanzania" ni maelezo ya kutosha, wala si aibu.

Neno "diploma" limewaponza wengi. Tanzania diploma ni stashahada ya chuo, inayopatikana baada ya sekondari. Burundi watu husema diploma kwa cheti cha Serikali kinachopatikana mwisho wa sekondari, baada ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo aliyemaliza sekondari Burundi akiandika "diploma" na kupeleka CV Kigoma, atadhaniwa ametoka chuoni. Na aliyemaliza kidato cha nne Tanzania akiandika "diploma" na kuipeleka Bujumbura, amesema jambo ambalo cheti chake hakisemi. Mwandike jina la cheti kama lilivyochapwa, msilitafsiri kwa kulikuza.

Tangu mageuzi yaliyoanza mwaka 2013, Burundi ina miaka 9 ya ekofo, kisha miaka 3 ya sekondari ya juu kwa wanaoendelea na masomo ya kawaida. Mwenye cheti cha nje anaweza kuomba ulinganifu kwa tume ya taifa inayolinganisha vyeti na diploma. Kabla ya kufunga safari, waulize wakuu wa elimu wa komine ni karatasi zipi zinatakiwa. Na kama matokeo yako hayajatoka, andika "nangoja matokeo". Usijipe alama ambazo hujapewa.

5. Kazi ulizofanya bila kuziita kazi

Kijana hutuambia, "Mimi sina uzoefu wowote." Ukimuuliza alifanya nini likizo iliyopita, atakwambia alikuwa mwaloni kila asubuhi. Huo ndio uzoefu! Tatizo ni kwamba hajui kuuandika. Tazameni mifano hii.

Badala ya "nilisaidia dagaa", andika: "Kuanika, kugeuza na kuchambua dagaa, mwalo wa Kabonga, Julai na Agosti 2025. Kuandika daftari la beseni za kila mtumbwi." Atakayethibitisha ni mwenye mtumbwi.

Badala ya "nilikuwa kwenye mawese", andika: "Kupokea vichikichi, kupima mafuta kwa dumu na kutunza hesabu ya wateja kwenye kinu cha mawese." Atakayethibitisha ni mwenye kinu.

Badala ya "naongea lugha nyingi", andika: "Kuwatafsiria wagonjwa Kirundi na Kiswahili kwenye zahanati ya kambi, siku mbili kwa juma, mwaka 2020." Atakayethibitisha ni muuguzi.

Aliyekuwa mweka hazina wa kwaya ametunza fedha za watu. Aliyefundisha watoto shule ya Jumapili amesimama mbele ya darasa. Aliyesimamia zamu ya bomba la maji kambini amepatanisha akina mama waliogombana, na hiyo si kazi ndogo. Waliofanya kazi za posho kwa mashirika ya misaada waandike jina la shirika, kazi na miezi, na kama walipewa barua waitunze mahali pasipovuja.

Weka idadi pale unapoijua kwa hakika: watoto 25, madumu 10 kwa siku, miezi miwili. Usipoijua, iache. Mwajiri mmoja akiuliza kuhusu idadi uliyoibuni, atatilia shaka hata yale ya kweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mwambao ule ni mfupi zaidi. Mwenye mtumbwi wa Kabonga na mfanyabiashara wa Rumonge wanafahamiana.

Na msichana aliyelea wadogo zake wakati mama yuko shambani asidhani hana la kusema. Asiiite ajira, maana haikuwa ajira. Lakini katika barua ya maombi anaweza kusema: "Nimetunza nyumba ya watu sita huku nikisoma."

6. Lugha

Hii ndiyo mali kubwa ya vijana wetu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mfanyabiashara wa Kabonga anahitaji mtu wa kupatana bei kwa Kiswahili na muuzaji wa Kigoma, kisha kuandika risiti kwa Kifaransa. Mrudi kutoka Tanzania anayejifunza Kifaransa kwa bidii anaweza kuwa mtu huyo.

Gawa kila lugha sehemu tatu: kusoma, kuandika, kuongea. Useme kweli: "Kifaransa: nasoma vizuri, naandika kiasi, naongea kidogo." Ukiandika "vizuri sana" utasailiwa kwa Kifaransa, na dakika mbili zitatosha kukuumbua.

CV yenyewe iandikwe kwa lugha gani? Kwa ofisi na mashirika ya Burundi, Kifaransa. Kwa Tanzania, Kiingereza au Kiswahili kama tangazo lilivyoandikwa. Mpe mwalimu wa lugha ile aisahihishe kabla hujaichapisha.

7. Wadhamini

Tafuta watu wawili wanaokufahamu kwa kazi au kwa shule, wasiwe baba wala mama. Nenda kwao kwanza kwa heshima: "Shikamoo mzee. Naomba kazi mahali fulani, na ningependa kuandika jina lako kama mtu anayenifahamu. Je, unakubali?" Usiandike namba ya simu ya mtu ambaye hujamwomba. Mzee akipigiwa ghafla na kujibu "simjui vizuri", umejifungia mlango mwenyewe.

Wengi huomba barua ya mchungaji. Ni barua nzuri, lakini nayo ifuate kanuni ile ile. Mchungaji athibitishe lile analolijua: kwamba kijana anaishi hapa, kwamba alitunza fedha za kwaya mwaka mzima na hesabu zikatimia. Wazazi, msiwashinikize watumishi waandike yasiyokuwepo.

8. Kutafuta kazi kwenyewe

Jua majira. Burundi likizo ndefu huwa Julai na Agosti. Tanzania aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba huwa na muda wa kungoja matokeo. Anza kuulizia mwezi mmoja kabla.

Jua saa. Mitumbwi ya dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kurudi alfajiri. Usimwendee mwenye mtumbwi na karatasi yako wakati samaki wanapimwa, maana hata salamu hatakuitikia. Nenda siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Hapo ana nafasi ya kukusikiliza. Tena usitegemee ziwa peke yake: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Zunguka: maduka ya jumla, vinu vya mawese, zahanati, shule zinazotafuta mtu wa kufundisha watoto Kiingereza wakati wa likizo, mawakala wa kutuma fedha kwa simu. Soma mbao za matangazo kwenye komine na kanisani. Ukifika mahali, sema jina lako, shule yako, kazi unayoweza na siku unazoweza kufanya. Maneno manne yanatosha. Kisha toa karatasi. Ukiambiwa "rudi Jumatatu", rudi Jumatatu, hata kama mvua inanyesha.

Wanaotaka kuanzisha mradi wao wajue kwamba Burundi ilifungua benki ya uwekezaji kwa vijana, BIJE, mwaka 2020, na mwaka 2021 ukaanza mpango wa Serikali wa kuinua vijana kiuchumi, PAEEJ. Waulize kwenye komine, na waende wakiwa kikundi chenye daftari la hesabu.

Na walio kambini Tanzania wakumbuke kwamba sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inataka kibali kabla ya kutoka eneo lililotengwa. Kazi isikupeleke mahabusu.

9. Tahadhari

Kazi ya kweli haiombi fedha kabla ya kuanza. Anayetaka "pesa ya fomu" au "soda ya bosi" anakuuzia hewa. UNHCR na mashirika ya misaada hawauzi nafasi za kazi wala nafasi za kuhamishiwa nchi ya tatu.

Usitoe cheti halisi. Toa nakala, nacho chenyewe kionyeshe kisha urudi nacho nyumbani.

Tunawasihi hasa wasichana na wazazi wao. Wasichana wa Burundi wamechukuliwa kwenda nchi za Ghuba kwa ahadi ya kazi za ndani, na wengine wakanyang'anywa pasipoti na mishahara. Mwaka 2021 Burundi ilitia sahihi makubaliano na Saudi Arabia juu ya wafanyakazi, ili safari hizo zipite njia halali. Kwa hiyo, akija mtu anayetaka binti asafiri kimya kimya, kwa umri ulioongezwa kwenye karatasi, jibu ni hapana. Anayekuanzishia kazi kwa karatasi ya uongo amekwisha kukufunga mdomo, kwa sababu ukidhulumiwa utaogopa kwenda kushitaki.

10. Mfano wa CV

Hii ni CV ya mfano tu. Kila mmoja aweke yake.

Jina: kama lilivyo kwenye karangamuntu
Kuzaliwa: 2008, Kabonga, Nyanza-Lac, mkoa wa Burunga, zamani Makamba
Anwani na simu: namba inayopatikana kila siku

Elimu
2024 hadi sasa: sekondari ya juu, Nyanza-Lac
2021–2024: ekofo, Kabonga
2015–2021: shule ya msingi, kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mtaala wa Burundi

Kazi na huduma
Julai na Agosti 2025: kuanika na kuchambua dagaa, kuandika daftari la beseni, mwalo wa Kabonga
2024–2025: mweka hazina wa kwaya ya vijana

Lugha: Kirundi na Kiswahili, nasoma, naandika na kuongea vizuri, Kifaransa, nasoma na kuandika vizuri, naongea kiasi, Kiingereza, nasoma kidogo

Wadhamini: mwenye mtumbwi, mwalimu wa darasa. Majina na simu, kwa idhini yao.

Tazameni: hakuna neno la kujisifu, na kila mstari una mtu wa kuulizwa. Aliyepitia kambi mbili na mpaka mmoja hana sababu ya kubuni maisha mengine. Aliyoyafanya yanatosha, akiyaandika sawasawa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Taja kazi tatu ulizofanya mwaka uliopita bila malipo. Nani anaweza kuzithibitisha?
2. Je, jina lako limeandikwa sawa kwenye karatasi zako zote? Kama sivyo, utaanzia ofisi gani?
3. Rafiki yako ameahidiwa kazi nje ya nchi akiongeza miaka miwili kwenye umri wake. Utamshauri nini?
4. Wazazi: mtoto apate kazi ya likizo bila kuacha shule. Mtamsaidiaje?

Zoezi: kila kijana aandike CV yake kwa mkono, ukurasa mmoja, ailete kwenye kikundi juma lijalo. Tutasomeana, na kila mstari tutauliza swali moja tu: "Nani anajua?"

Tunawatakia masomo mema.